Gari la Kumpeleka Mama Mkwe Kliniki

Tulinunua gari dogo kwa sababu ya miguu ya mama mkwe wangu. Nalisema hili mwanzoni kwa kuwa walimu wenzangu mpaka leo wanadhani nililinunua kwa maringo, na majirani zangu wa Ihumwa wanadhani nilichagua dogo kwa ubahili. Mwalimu wa sekondari akinunua gari, kila mtu ana maelezo yake. Ukweli ni kwamba mama mkwe alikuwa na presha na sukari kwa pamoja, miguu ilikuwa imeanza kuvimba, na daktari alimwambia mke wangu waziwazi, mbele ya mgonjwa mwenyewe, kwamba akiendelea kukosa kliniki ataanguka siku moja na hataamka akiwa yule yule.

Kukosa kliniki hakukuwa ukaidi wake. Kijiji chao kiko kaskazini mwa Dodoma. Unapita Msalato, unafuata barabara ya kwenda Chemba, kisha unaiacha lami na kuingia njia ya mchanga inayokatiza mashamba ya uwele. Kutoka nyumbani hadi lami ni bodaboda, na bodaboda ilikwisha kumwangusha. Akifika barabarani ni kusimama juani kusubiri basi, na basi likija limejaa. Akifika hospitali mjini, dirisha limefungwa, anaambiwa arudi siku nyingine. Mwanamke wa umri ule, aliyelima na kuzaa maisha yake yote, anarudishwa kama mtoto aliyechelewa shule! Vidonge vilipokaribia kuisha alivikata nusu nusu ili vimfikishe mbele. Mke wangu alipogundua habari ya kukata vidonge alilia jikoni, akanawa uso, akaja sebuleni akasema, "Tununue gari. Lolote lile. Hata liwe bovu."

"Bovu hapana," nikamwambia.

Mimi hasira zangu ziko karibu, wanafunzi wangu wanajua, lakini kwenye kununua vitu nina subira ya ajabu. Naweza kukaa duka moja la viatu mpaka muuzaji aanze kunichukia. Basi tukaanza kuzunguka kwenye yadi za magari, kila Jumamosi na baadhi ya Jumapili baada ya ibada. Masharti yalikuwa wazi. Liwe dogo, linuse mafuta tu. Spea zake zipatikane Dodoma hapa hapa, si za kuagiza. Lisiwe limelala chini sana, maana ile njia ya mchanga ingelichuna tumbo. Na kiti chake kisiwe juu sana, maana mama hawezi kunyanyua mguu. Masharti hayo mawili ya mwisho yanapigana, kama umewahi kununua gari unajua.

Sharti langu la siri lilikuwa moja: liwe la kufurahisha. Sikumwambia mke wangu. Nilikuwa nimefundisha miaka mingi nikienda kazini kwa miguu na kurudi kwa miguu, na nilitaka kitu ambacho nikikishika usukani nitajisikia kijana tena hata kwa dakika chache. Nadhani haikuwa dhambi.

Kupima kiti tulimtumia jirani yetu, mama mmoja wa Kihaya mwenye umbo la mama mkwe na magoti mabovu kama yake. Tulikuwa tunaongozana naye mpaka yadi, anaingia gari hili, anatoka, anaingia lile, anatoka, huku akitoa hukumu. "Hili linanimeza." "Hili linanitapika." Madalali walimpenda. Mmoja alimfuata kila gari akimfungulia mlango kama bibi harusi, akituimbia wimbo ule ule wanaouimba wote: "Mwalimu, hii gari ilikuwa ya mama mmoja mstaarabu, kanisani na sokoni tu. Haijawahi kugusa hata kuku."

Lilikuwapo moja refu la safu tatu za viti, kuukuu lakini zima. Dalali alisema ndani yake unaweza kupakia ukoo. Mke wangu aliuliza unywaji wake wa mafuta, dalali akaanza kusifia tairi, tukaelewa. Tulilicheka mpaka nje ya geti.

Tuliloliona na kulipenda wote lilikuwa dogo la bluu, fupi mbele, fupi nyuma, la aina ile ambayo vijana wanaiita bebiwoka. Jirani yetu aliingia, akatoka, akaingia tena bila kuambiwa. "Hili ni kiti cha nyumbani kwangu," akasema. Nikaliendesha kwenye barabara pana ya kule kwetu. Linakata kona kwa usukani wa kidole kimoja, linageuka mahali ambapo mkokoteni ungekwama, na ukiligusa mafuta linaruka kama mbuzi aliyefunguliwa asubuhi. Mke wangu alicheka. Alikuwa hajacheka hivyo tangu habari ya vidonge. Nilijua tumelipata.

Shuleni walinipokea kwa utani. "Mwalimu, hilo unaliendesha au umelivaa?" Nikacheka nao. Nilikuwa na furaha, sina sababu ya kuificha.

Tulikwenda kumchukua mama kwa mara ya kwanza alfajiri ya siku ya kliniki. Alitoka ndani akiwa amevaa khanga zake mpya, akaliona gari, akapiga vigelegele. Akalizunguka, akalipapasa ubavuni. Mimi nilikuwa nimeshuka na kusimama mbali, karibu na zizi, nikitazama pembeni kama inavyotakiwa. Kisha nikamsikia akimwuliza binti yake, kwa sauti ya chini, "Anaendesha nani?"

"Baba watoto."

"Na mimi nakaa wapi?"

 Nilimwona mke wangu ameshika mlango wa gari, anatazama kiti cha dereva, kisha kile cha nyuma yake.

Kwetu Wagogo, ukwe ni heshima, na heshima yenyewe ni umbali. Mama mkwe na mume wa binti yake hawapeani mikono, hawakai mkeka mmoja, hawali pamoja. Nilipokuwa nakwenda kwao nilikaa nje upenuni, yeye akiwa ndani. Nasalimia ukuta, ukuta unaitikia. Chakula analeta mke wangu. Miaka yote ya ndoa nilimjua mama yule kwa sauti yake na kwa mlenda wake, na kwa kweli nilimpenda hivyo hivyo. Sasa nilikuwa nimemletea kiboksi cha bati ambacho ndani yake mtu wa nyuma anapumua kwenye shingo ya mtu wa mbele.

Utauliza tulisahauje. Hatukusahau. Kitu unachokiishi tangu ndoa hukiweki kwenye hesabu, kama usivyohesabu kupumua. Tuliwaza magoti, tukawaza mchanga, tukawaza spea. Kwenye vichwa vyetu mama alikuwa amekaa kiti cha nyuma, anatazama nje, na gari linajiendesha lenyewe. Yule jirani wa Kihaya hakuwa na sababu ya kujua. Sisi wawili ndio tuliozaliwa humu.

Siku ile mama hakwenda kliniki. Alirudi ndani akavua khanga mpya.

Nilikasirika, tena sana. Njiani kurudi nilimwambia mke wangu mambo ambayo nisingeyasema mbele ya mchungaji. Mama huyu huyu siku za mnada alikuwa anapanda pikapu la kijiji, anabanana na wanaume asiowajua, magunia na mbuzi, na hakuna aliyeona aibu. Shida ni mimi tu! Mgeni anaruhusiwa kumgusa bega, ila mimi niliyemwoa binti yake sina ruhusa hata ya kukaa mbele yake. Mke wangu alisikiliza mpaka Msalato. Kisha akasema, "Wewe si mgeni. Ndiyo maana."

Tukaanza kutafuta njia. Dereva wa kukodi hatukumweza, mshahara ulikuwa umeishia kwenye gari. Nilifunga waya ndani ya gari, kutoka ubavu hadi ubavu, nyuma ya kiti cha dereva, nikatundika khanga mbili nzito. Nilijiona fundi. Mama aliliangalia pazia lile kwa muda, akasema tujaribu. Aliingia kwa upande wa pili, mke wangu akakaa naye. Mimi nikaingia kinyumenyume kama mwizi. Tukaondoka taratibu. Lakini gari dogo ni gari dogo. Kila shimo, magoti yake yaligonga mgongo wa kiti changu, na mimi niliyahisi kwenye uti wa mgongo, na yeye alijua kwamba nimeyahisi. Hatukufika mbali. Nilimsikia nyuma ya pazia: "Mwanangu, mwambie asimamishe."

Nikasimamisha. Alishuka kwa shida, akashika njia ya kurudi, miguu imevimba, mkono mmoja ukimwegemea binti yake. Nilibaki ndani ya gari nikitazama usukani. Sikuruhusiwa hata kumfuata nyuma na gari, maana ingeonekana namswaga.

Mke wangu alimbembeleza sana siku hiyo, na mama akamwambia jambo ambalo alinisimulia baadaye. Alimwambia kwamba yeye hana hofu na mimi. Tangu siku ya posa amenikalia mbali kwa ajili ya ndoa ya binti yake. Kila mara alipogeuza uso, alikuwa anaiwekea ndoa hiyo tofali. Ndoa za wenzake zilizovunjika, alisema, zilianza kwa wakwe kuzoeana. "Unataka niibomoe kwa sababu ya miguu?" Nilipoelezwa hayo hasira yangu ilikosa pa kukaa. Utamkasirikiaje mtu anayekufa kidogo kidogo kwa kukulindia nyumba yako?

Ikabaki wazee. Kuna namna ya kulegeza mambo haya, na mdogo wake marehemu baba mkwe, mzee tuliyemtegemea kwa kila shauri, alikubali kusimamia. Nilipeleka mbuzi. Wakakaa, wakala, mzee akatamka kwamba kwa sababu ya ugonjwa, mkwe anaruhusiwa kumbeba mama garini, na pasiwe na neno. Nikatoka nje nikapumua. Mzee akaingia ndani kumpelekea habari, akakaa kidogo, akatoka akijikuna kidevu.

"Anasema anawashukuru wazee," akaniambia. "Anasema wazee wamekubali. Yeye bado."

Hapo ndipo mke wangu alipoanza kujifunza kuendesha. Lilikuwa wazo la busara kuliko yote na lilikuja la mwisho, kwa sababu alikuwa anaogopa magari tangu utoto. Tulikwenda jioni kwenye uwanja wa wazi upande wa Msalato, mimi nikikaa pembeni na kujizuia kufoka. Sikufaulu kila mara. Aliendesha akiwa ameng'ang'ania usukani kana kwamba utachomoka, machozi yakimtoka, halafu anafuta, halafu anaendelea. Alijifunza kwenda mbele, kurudi nyuma, kusimama kwenye kilima. Nilimpeleka akaandikishwe shule ya udereva ili apate leseni. Mambo ya leseni yana foleni yake, na sisi tulikuwa nyuma ya foleni. Kila wiki tulisema bado kidogo. Kule kijijini vidonge vilikuwa vinakatwa nusu, na mara kwa mara tulivipeleka sisi wenyewe, lakini daktari alisema vidonge bila kumpima mgonjwa ni kubahatisha.

Simu ilikuja nikiwa darasani. Mama alikuwa ameanguka jikoni, mwiko mkononi, ugali motoni. Nilimpitia mke wangu, na lile gari dogo lilikwenda siku hiyo kuliko nilivyowahi kuliona. Likaruka mashimo, likakata mchanga, halikukwama popote. Nililichukia kwa wepesi wake. Wepesi huo ulikuwa wa kazi gani sasa?

Tulimkuta amelazwa kwenye mkeka uani, upande mmoja wa mdomo umeshuka. Wanawake walikuwa wamemzunguka. Walijaribu kumwinua wakashindwa, maana mwili uliolegea ni mzito. Yule mzee alinitazama, akatazama gari, akageuza uso wake ukutani. Wanawake wakageuza nyuso zao pia. Nikainama nikambeba. Sikuwahi kumgusa hata kidole, na sasa alikuwa mikononi mwangu mzima mzima, kichwa chake kifuani kwangu, ananuka moshi wa kuni. Macho yake yalikuwa wazi. Sijui kama alinijua. Niliomba asinijue, kisha nikaogopa ombi langu.

Kiti kile kilichopimwa kwa ajili yake kilimpokea vizuri. Jirani alikuwa amesema kweli.

Hospitali walifanya walichoweza. Daktari hakutugombeza, alisema tu kwamba laiti angekuwa anapimwa. Mke wangu aliitikia kila neno kwa kutikisa kichwa. Leseni yake ilitoka mama akiwa bado wodini. Aliileta nyumbani, akaiweka mezani.

Sasa mama anaishi nasi Ihumwa. Umbali umekwisha, kwa sababu mtu wa kukaa naye mbali hayupo. Binti yake anamtambua siku nyingine, siku nyingine anamwita kwa jina la dada yake aliyefariki. Mimi ananiita kaka. Nadhani ananichukulia kuwa kaka yake mkubwa aliyekwenda kwenye mashamba ya mkonge zamani asirudi. Anafurahi sana kwamba nimerudi. Ananishika mkono, ananiuliza kama huko nilikuwa nakula vizuri. Namjibu nilikuwa nakula.

Anachokipenda kuliko vyote ni gari. Jua likianza kupoa anatazama mlangoni, na tukichelewa anakuwa mkali. Namweka kiti cha mbele, kwa sababu kile kinalala nyuma na kuubeba ule upande uliokufa, mke wangu anakaa nyuma yake akimshika mabega. Tunazunguka tu, hatuna tunakokwenda. Tukipita juu ya tuta anacheka. Nikikata kona kali anapiga paja langu kwa mkono wake mzima na kusema, "Tena!" Nilitaka gari la kufurahisha na nimelipata. Anayefurahi ni yeye, na kila akicheka mke wangu anainamisha kichwa nyuma ya kiti ili nisimwone kwenye kioo.

Daktari amesema tusitegemee nafuu. Kiharusi kingine kinaweza kuja wakati wowote, na hiki kilichokuja kimekwisha kuchukua kilichochukua.

Juzi tulikuwa tunarudi kutoka upande wa reli. Alikuwa anaimba kitu cha zamani cha Kigogo, nusu ya maneno yanateleza. Ghafla akanyamaza. Niligeuka nikaona anautazama mkono wangu uliokuwa kwenye gia, kisha anautazama wake, uliokuwa umepumzika karibu yake. Akauondoa polepole. Akajikunja kuelekea mlangoni, akajifanya mdogo kadiri mwili wake ulivyoweza, na bila kugeuka akasema kwa sauti ile niliyoizoea miaka yote kupitia ukutani, "Mwanangu, mkwe wangu yumo humu?"

Mke wangu akamwinamia kutoka nyuma. "Yumo, mama."

Nilisimamisha gari pembeni, nikazima injini, nikashuka bila kutazama upande wake. Nikatembea hatua kadhaa, nikasimama nimewapa mgongo, jua likinipiga usoni. Nilishikwa na furaha ambayo sikuitegemea kabisa. Alikuwa amerudi. Alikuwa amenijua na amenikataa, na mimi ningesimama pale mpaka usiku uingie, ningetembea kwa miguu mpaka nyumbani, ningelala nje ya nyumba yangu mwenyewe, ili mradi aendelee kunikataa.

Nikasikia kioo cha gari kinashuka.

"Kaka," akaniita, "mbona umesimama juani? Panda twende."

Nilibaki nimesimama kidogo, nisije nikageuka na uso ule. Kisha nikarudi nikapanda.